Kwa nini jani la sansevieria lenye ukingo wa njano huzaa mtoto wa kijani?

Kata jani la ile sansevieria yenye mistari ya njano pembeni, ambayo wengi mjini huiita sneki planti. Chomeka kipande kwenye mchanga, subiri miezi kadhaa. Chipukizi litakalotokea litakuwa la kijani kitupu, njano yote imepotea. Lakini ukifukua kando ya mmea uleule na kutoa kitoto kilichoota chenyewe, kwa kawaida utakikuta na ukingo wake wa njano kama mama yake.

Aina hii huitwa Laurentii, kwa heshima ya Émile Laurent, Mbelgiji aliyekusanya mimea Kongo na kufariki mwaka 1904. Ukiutazama ni mmea mmoja, ila ndani yake zinaishi seli za namna mbili. Kwenye ncha ya ukuaji, pale majani yanapoanzia, seli zimepangwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka mojawapo la nje limepoteza uwezo wa kutengeneza klorofili, ile rangi ya kijani inayouwezesha mmea kujipikia chakula kwa mwanga wa jua. Yaliyo ndani ni ya kijani kama kawaida. Jani linapokua, tabaka lisilo na klorofili hujenga kingo, na ya ndani hujenga sehemu ya kati.

Kipande cha jani hakina ncha hiyo. Lazima kiiunde upya, na kazi hiyo hufanywa na seli chache za ndani, karibu na mishipa ya kupitisha maji, pale kisu kilipopita. Seli hizo ni za kijani, kwa hiyo mmea mzima unaotokana nazo ni wa kijani. Wengine hudhani dawa ni kukata ule ukingo wa njano peke yake na kuupanda. Hata ukichipua, mtoto wake atakuwa hana klorofili kabisa, na atakufa njaa juani.

Kitoto cha pembeni hakina haja ya kuunda chochote upya. Kinatoka kwenye shina linalotambaa chini ya udongo kama la tangawizi, na ncha yake imebeba tabaka zote za mama kwa mpangilio uleule. Ndiyo maana mwenye Laurentii hana njia ya kuaminika ila kugawa vitoto.

Kukigawa si kazi kubwa. Ngoja kifikie urefu wa sentimita 15 hivi na kiwe na mizizi yake, kisha toa mmea wote kwenye chungu na ukate lile shina kwa kisu safi. Wapenda maua wengi hukosea hapa: hukipanda papo hapo na kukimwagia maji. Kidonda kibichi ndani ya udongo wenye unyevu ni mlango wa kuvu, na kuoza huanzia hapo. Kiache kivulini siku mbili tatu mpaka kidonda kikauke. Hakitakufa kwa kiu, kwa sababu majani yake yana akiba ya maji, na matundu yake ya kupumulia hufunguka zaidi usiku, hewa ikiwa imepoa. Kisha kichomeke kwenye udongo uliochanganywa na mchanga mwingi wa mto, na ukae siku chache kabla ya kumwagilia. (Mwenye paka au mbwa aweke chungu mbali nao, majani haya huwatapisha.)

Mara mojamoja hata kitoto cha pembeni hutoka kijani kitupu. Si ugonjwa: jamaa zake wa porini, kutoka Nigeria hadi Kongo, hawana ukingo wa njano. Ila kwa kuwa kina klorofili kwenye jani zima, hukua upesi kuliko wenzake na kuwasonga. Ukitaka chungu kibaki na njano yake, king'oe kingali kidogo.