Matundu kwenye sukuma wiki si ushahidi kwamba haina dawa

Katika magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi kuna ujumbe usiochoka kuzunguka: chagua sukuma wiki iliyotobolewa na wadudu, kwani haijapuliziwa dawa, hiyo ni ya kilimo hai, yaani kisichotumia dawa na mbolea za viwandani, hata kuoshwa haihitaji.

Si kweli. Tundu huonyesha tu kwamba mdudu alipita, si alipita lini. Mara nyingi mkulima hupuliza dawa baada ya kuona majani yanaliwa, na tundu halizibi.

Kilimo hai chenyewe hakikatazi kila dawa. Pareto, ua linalolimwa hapahapa Kenya, hutoa kiuadudu kinachoruhusiwa. Ni kweli mazao ya kilimo hai kwa kawaida huwa na mabaki machache ya dawa za viwandani, na hapo wanaoyasifu wana hoja. Ila samadi ambayo haijaoza vizuri, au maji ya mto yenye majitaka, huacha vijidudu kwenye jani. Kwa mboga za mjini, hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Kudanganyika ni rahisi: jani likimfaa mdudu, tunadhani litatufaa nasi.

Muulize mama mboga mzigo umetoka wapi na humwagiliwa maji gani. Ukimfikia mkulima, muulize alipuliza lini. Lebo ya dawa hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze. Na mboga, zenye matundu au zisizo nayo, zioshe kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kuzikata.