Viazi vya kilimo hai: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba kiazi cha kilimo hai hakikuguswa na dawa yoyote tangu kupandwa hadi kuvunwa. Ukweli ni kwamba kilimo hai hukataza mbolea na viuatilifu vya kemikali vinavyotengenezwa viwandani, lakini huruhusu baadhi ya dawa zenye asili ya madini au mimea. Kwa viazi, dawa inayojulikana zaidi ni ile yenye madini ya shaba, ambayo katika nchi nyingi hupuliziwa dhidi ya bakajani chelewa, ugonjwa uleule ulioteketeza mashamba ya Ireland kuanzia mwaka 1845 na kuleta njaa kubwa. Shaba haiozi wala haivunjiki, bali hujikusanya udongoni, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika kipindi cha miaka 7, ilhali Denmark hairuhusu kabisa itumike kama kiuatilifu. Hata hivyo, mabaki ya viuatilifu vya viwandani hupatikana kwa nadra zaidi katika mazao ya kilimo hai, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu yenye nguvu zaidi ya kuyachagua.

Sababu ya lishe, ambayo ndiyo hutajwa kwanza, ni dhaifu zaidi. Gramu 100 za kiazi kibichi zina maji takribani gramu 79, wanga gramu 17, protini gramu 2 na nyuzinyuzi gramu 2 hivi, pamoja na miligramu zipatazo 20 za vitamini C na zaidi ya miligramu 400 za potasiamu, kiasi kinachozidi kile cha ndizi mbivu yenye uzito huohuo. Viwango hivi havibadiliki sana kwa sababu tu shamba lilirutubishwa kwa samadi na mboji. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2012 hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba vyakula vya kilimo hai vina virutubisho vingi zaidi. Mengine ya mwaka 2014, yaliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Newcastle, yalikuta antioksidanti (kemikali zinazosaidia kulinda seli za mwili) nyingi zaidi na kadmiamu, metali nzito yenye sumu, kidogo zaidi katika mazao hayo kwa jumla. Wataalamu bado wanabishana. Lisilobishaniwa ni kwamba vitamini C ya kiazi hupungua sana kinapokaa ghalani kwa miezi mingi, kwa hiyo kiazi cha kawaida kilichovunwa karibuni kinaweza kukizidi cha kilimo hai kilichohifadhiwa muda mrefu.

Wengine huvichukulia viazi vya kilimo hai kuwa aina moja maalumu. Sivyo, kwa kuwa karibu aina yoyote inaweza kulimwa kwa njia hiyo, na aina zenyewe ni nyingi mno: katika milima ya Andes, ambako viazi vilianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita, kuna aina za kienyeji zaidi ya 4,000. Wakulima wa kilimo hai hupendelea zile zinazostahimili bakajani, kama Sarpo Mira. Kwa mlaji, jambo la kuangalia ni kiasi cha wanga: Russet Burbank ina wanga mwingi na hulainika vizuri ikipondwa au kuokwa, ilhali aina zenye wanga mchache hubaki imara zikichemshwa, hivyo zinafaa kachumbari na mchuzi.

Rangi nayo imezua uvumi wake. Viazi vya zambarau, kama Vitelotte ya Ufaransa, si zao la maabara; rangi yao hutokana na antosianini, jamii ya antioksidanti iliyomo pia katika zabibu nyeusi. Vile vya njano kama Yukon Gold vina luteini, rangi ya asili ya njano, lakini visichanganywe na viazi vitamu vya rangi ya chungwa, maana hivi vya njano havitoi vitamini A ya maana.

Kuhusu kunenepesha, maelezo ni mafupi. Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina takribani kilokalori 87, na za chipsi hupita 300, hata kama viazi hivyo vilitoka katika shamba safi kuliko yote.

Dhana ya mwisho ndiyo inayonitia wasiwasi, nayo ni kwamba kiazi cha kilimo hai huliwa salama na ganda lake kwa hali yoyote. Ganda lina nyuzinyuzi nyingi, ingawa sehemu kubwa ya potasiamu na vitamini C imo ndani. Lakini kiazi chenyewe hutengeneza sumu za kujilinda, solanini na chakonini, ambazo hurundikana kwenye ganda, machipukizi na sehemu zilizogeuka kijani kwa kupigwa na mwanga, wala hazimalizwi kwa kuchemshwa. Vile vya kilimo hai havipakwi dawa za viwandani za kuzuia kuchipua, kwa hiyo huwahi kuchipua. Vihifadhiwe gizani, mahali penye ubaridi na hewa, lakini si ndani ya jokofu ikiwa vitakaangwa, kwa kuwa baridi kali hugeuza wanga kuwa sukari, ambayo katika joto la mafuta huzalisha akrilamidi, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Madoa madogo ya kijani yakatwe kwa kina pamoja na machipukizi. Kiazi kilichoenea kijani au chenye uchungu mdomoni kitupwe.