Kabla ya Kuchagua Programu ya Kuchomea CD na DVD, Uliza Itachezwa Wapi

"Programu gani ni nzuri ya kuchomea?" Hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, naulizwa swali hili mara kwa mara, na anayeuliza hutarajia jina moja tu. Mimi humrudishia swali: hiyo diski inakwenda kuchezwa wapi? Kwenye redio ya gari, kwenye deki ya mama kijijini, kwenye kompyuta ya ofisi, au inawekwa kabatini iwe kumbukumbu? Kompyuta itasoma karibu kila ulichochoma. Mashine ya upande wa pili ndiyo yenye masharti, na programu nzuri ni ile inayokuruhusu kuyatimiza masharti hayo.

Najua wapo wanaosema CD zimekwisha, fleshi zimechukua nafasi. Kwa vijana wengi ni kweli. Lakini kwaya bado zinarekodi nyimbo na kuziuza baada ya ibada, familia bado zinataka harusi na mahafali kwenye DVD, na wanaovuka kwenda soko la Ariwara, upande wa Kongo, wana wateja wenye deki ambazo hazina tundu la fleshi. Halafu kuna magari. Mengi tunayoendesha Uganda yalitumika kwanza Japani, na redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya huko, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa megahezi 76 hadi 90. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Mwenye gari ambaye hajafunga kibadilisha masafa anabaki na stesheni chache za mwanzo tu, kwa hiyo CD ndiyo inayomchangamsha njiani.

Dereva mmoja alinijia na CD mkononi. "Fundi, kwenye laptopu inaimba vizuri, kwenye gari inatemwa." Niliifungua nikakuta mafaili ya MP3. Redio yake ni ya zamani, haijui MP3. "Kaka, CD yako ni nzima," nikamwambia, "ila imeandikwa kwa lugha ambayo redio yako haisomi." Aliyemchomea alichagua CD ya data wakati kilichotakiwa ni CD ya muziki. Programu zote zina njia hizo mbili, na namna rahisi ya kujua uko njia gani ni kutazama kile kipimo cha nafasi chini ya dirisha. Kikihesabu dakika, unatengeneza CD ya muziki. Kikihesabu megabaiti, ni CD ya data.

CD ya muziki haina mafaili kabisa. Sauti huandikwa moja kwa moja, sampuli 44,100 kwa sekunde zenye biti 16 kila moja, na nafasi yake ni dakika 80 basi. Hata MP3 zako ziwe ndogo namna gani, programu lazima izikunjue zirudi kwenye ukubwa huo. Ndiyo maana CD ya data ya megabaiti 700 hubeba MP3 zaidi ya mia moja, na CD ya muziki huishia nyimbo 15 au 20. Anayekuahidi nyimbo mia kwenye CD ya kuchezwa na redio ya zamani hajui anachouza.

Kwenye CD ya muziki naangalia mambo mawili katika programu. La kwanza ni kimya kati ya wimbo na wimbo. Kuna namna mbili za kuandika: TAO, ambapo leza inasimama kila mwisho wa wimbo na kuacha pengo la sekunde 2 hivi, na DAO, ambapo diski nzima inaandikwa kwa mkupuo mmoja na wewe unaamua pengo liwepo au lisiwepo. Kwa nyimbo za studio pengo halina neno. Kwa kwaya iliyorekodiwa ikiimba mbele ya waumini, au mawaidha ya sheikh yaliyokatwa vipande ili msikilizaji aweze kuruka, pengo linakata sauti ya watu katikati na kuharibu kila kitu. Programu za CDBurnerXP (ya Windows) na K3b (ya Linux) zinakuachia chaguo hilo waziwazi. Programu isiyokuachia siiweki kwenye kompyuta ya kazi.

La pili ni kuifunga CD. Ukiiacha wazi ili uongeze nyimbo kesho, kompyuta itaisoma, redio ya gari inaweza kuikataa. Funga. Na CD-RW, zile za kufuta na kuandika upya, zinarudisha mwanga kidogo kuliko CD-R, zile za kuandikwa mara moja tu, hivyo macho ya leza ya redio za zamani hayazioni vizuri. Kwa gari tumia CD-R.

Kwa redio inayojua MP3 jambo ni jepesi zaidi: yape mafaili majina yanayoanza na 01, 02, 03. Mfumo wa mafaili wa CD ya data, ISO 9660, unapanga majina kwa herufi, kwa hiyo "10" itatangulia "2" usipoweka sifuri.

Sasa DVD, ambako naona watu wanapoteza pesa zaidi.

Mtu ana video ya harusi kwenye MP4. Anaiburuta kwenye dirisha la DVD, anabonyeza choma, DVD inatoka, anampelekea bibi harusi. Deki inazungusha, inaandika "No Disc" au inaonyesha orodha tupu. Deki ya kawaida inatafuta folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili ya IFO, BUP na VOB yenye picha ya MPEG-2. MP4 haimo katika masharti hayo, ingawa deki mpya kadhaa huisoma kwa hiari yake. Kwa hiyo hapa kazi ni mbili: kwanza kuitengeneza DVD, yaani kugeuza video na kupanga menyu, kisha kuichoma. Programu nyingi za kuchomea hufanya hiyo ya pili tu. ImgBurn, programu ya kuchomea ya Windows, kwa ubora wake wote, haitakugeuzia MP4 kuwa DVD ya deki.

Kwa kutengeneza natumia DVDStyler. Ni ya bure, ipo ya Windows, Mac na Linux. Ukianza mradi mpya inakufungulia dirisha dogo la maswali, na hilo dirisha ndilo la kusoma polepole. Linauliza PAL au NTSC, mifumo miwili ya picha za televisheni. Uganda ni PAL, picha ya 720 kwa 576, fremu 25 kwa sekunde, na deki zetu nyingi zinacheza zote mbili. Lakini skrini ya DVD iliyokuja na gari kutoka Japani mara nyingi inajua NTSC tu, 720 kwa 480. Kwa hiyo nauliza mteja: mtaiangalia nyumbani au kwenye gari? Chini yake linauliza sauti, MP2 au AC3. Chagua AC3. Deki za NTSC hazilazimiki kuelewa MP2, na hapo ndipo unapata lawama ya "picha ipo, sauti hakuna".

Kisha nafasi. DVD ya kawaida imeandikwa 4.7 GB kwenye kasha, na Windows itakuonyesha 4.37. Hujaibiwa, mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024. Video ya saa mbili inapata kama megabiti 5 kwa sekunde, picha na sauti pamoja, na hiyo ni picha safi. Saa tatu, unashuka hadi 3.5 hivi, na kwenye ngoma, watu wakichezacheza na taa zikiwaka, picha inaanza kuvunjika vigae. Saa nne sizikubali kwenye diski moja. Nawaambia wenye harusi tugawe: sherehe ya kanisani au nikahi DVD ya kwanza, ukumbini DVD ya pili. Zipo DVD za tabaka mbili zenye 8.5 GB, lakini ni ghali na deki za zamani zinahangaika nazo.

Kwa kuchoma, ImgBurn. Ukiipa folda ya VIDEO_TS inaitambua, na kama mipangilio yako haifai kwa deki inakuuliza kama irekebishe mfumo wa mafaili. Kubali. Ina dirisha la pembeni linaloandika kila hatua: aina ya diski, aliyeitengeneza, kasi, hitilafu na saa yake. Fundi anayejali kazi yake atalipenda hilo dirisha, kwa sababu mteja akirudi analalamika unaweza kuona kilichotokea. DVD tupu ziko za aina mbili, DVD-R na DVD+R. ImgBurn inaweza kuibadilisha DVD+R ijitambulishe kama DVD ya kiwandani, kama draivu yako inakubali, na deki za zamani zinazokataa DVD+R zinaipokea. Ukiwa na DVD-R huna haja ya hilo.

Toleo la mwisho la ImgBurn, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013 na bado linafanya kazi kwenye Windows za leo. Tahadhari ni kwenye kuisakinisha: kisakinishi cha toleo hilo kilipachikwa programu za matangazo. Soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza endelea, ondoa alama usizozihitaji, na usiipakue kwenye tovuti za mitaani zenye vitufe vitano vya "pakua". CDBurnerXP ni nyepesi kwa mtu asiyependa mipangilio mingi. Inachoma muziki, data na ISO (faili moja lenye nakala ya diski nzima), na .NET, nyenzo ya Microsoft ambayo programu hii inaihitaji, tayari imo kwenye Windows 10 na 11, kwa hiyo bando lako halitaisha. Mwenye Linux achukue K3b na asihangaike kwingine.

Nero ni kazi nzuri ya Wajerumani na ilitufundisha wengi. Lakini ni ya kulipia, na ni kubwa kuliko mahitaji ya duka dogo. Kinachozunguka mitaani ni Nero zilizovunjwa, zinazotembea kwenye fleshi pamoja na virusi. Kompyuta yenye harusi za watu na rekodi za kwaya haistahili kuingizwa kitu hicho wakati programu halali za bure zipo.

Je, Windows yenyewe haitoshi? Inatosha kwa data. Ukiweka diski tupu inakuuliza kama uitumie kama fleshi au kwa kicheza CD/DVD. Chaguo la kwanza linatumia mfumo ambao deki na redio nyingi haziusomi. Chagua la pili, hata kama unapeleka nyaraka kwenye kompyuta ya zamani. Windows Media Player inachoma CD ya muziki vizuri tu. Kutengeneza DVD ya deki, Windows 7 ilikuwa na programu yake, ikaondolewa kuanzia Windows 8.

Kuhusu kasi, programu lazima ikuruhusu kuichagua. DVD iliyoandikwa 16x naichoma kwa 8x, CD ya muziki kwa 16x au 24x. Wengine wanashuka hadi kasi ya chini kabisa wakidhani ndiyo salama zaidi, lakini diski na draivu za sasa hazikutengenezwa kwa kasi hizo na matokeo yanaweza kuwa mabaya zaidi. Kinga ya bafa (bafa ni akiba ya data inayosubiri kuandikwa), iliyoanza kuenea mwaka 2000 na Burn-Proof ya Sanyo, inaiokoa diski kompyuta ikichelewa kupeleka data. Haiiokoi umeme ukikatika. Hapa kwetu choma ukiwa na UPS au laptopu yenye betri nzima.

Na kama draivu yako ni ya nje, ya kuchomeka USB, ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, si kwenye kigawanya matundu ya USB (hub). Tundu la USB 2 limekusudiwa kutoa miliampea 500, na leza ikianza kuandika draivu inaweza kudai zaidi. Diski inafia katikati, watu wanalaumu programu, wanaifuta, wanaweka nyingine, nayo inafia palepale. Kabla ya kubadilisha programu badilisha tundu, kisha waya.

Kabla ya kuchoma, washa uhakiki, yaani programu isome tena diski ikishamaliza kuandika. Ni kisanduku kimoja cha kuweka alama, ImgBurn, CDBurnerXP na K3b zote zinacho, na kinachukua muda karibu sawa na kuchoma. Foleni ikiwa ndefu ndicho kinachorukwa kwanza, na ni makosa. Hata hivyo uhakiki unakuambia tu kwamba draivu iliyoandika inaweza kusoma ilichoandika. Kwa hiyo dukani weka deki moja ya zamani, iliyochoka, ya aina ambayo wateja wako wanayo, ujaribu nakala ya kwanza mwanzo, katikati na mwisho kabisa. Mwisho ni muhimu, kwa sababu diski huandikwa kutoka ndani kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwashikwa na ndio wenye makosa mengi. Jina liandike kwa kalamu maalumu ya CD. Stika za karatasi zinaipindisha diski, na kwenye joto la gari zinaanza kubanduka ndani ya redio.

Nakala ya kwanza ikipita kwenye deki, usianze upya kwa nakala zinazofuata. Mwambie DVDStyler ikupe ISO, iweke kwenye diski kuu ya nje yenye folda ya kila mteja, na nakala zote zichomwe kutoka kwenye ISO hiyo moja kwa ImgBurn. Mwalimu wa kwaya akirudi baada ya mwaka akitaka hamsini zaidi, atapata zilezile alizozisikiliza na kuzikubali.