Je, wajua? Kwa nini mbunge "hushika shilingi" ya waziri

Ukifuatilia Bunge la Tanzania wakati wa bajeti, kati ya Aprili na Juni, hutakosa kusikia mbunge akisema kwamba asiporidhika na maelezo ya waziri atashika shilingi, yaani atatoa hoja ya kuondoa shilingi moja kwenye mshahara wa waziri huyo. Ukumbi unachangamka, meza zinapigwa makofi, na waziri anaanza kupekua karatasi zake. Mjadala mkali unafuata. Mara nyingi mwisho wake ni mbunge yule yule kusimama na kusema amemwelewa waziri, anairudisha shilingi.

Ni shilingi gani hiyo? Shilingi moja siku hizi haina kazi dukani, na hakuna waziri atakayeona pengo lake mwisho wa mwezi. Kama mbunge amekasirika kweli, kwa nini asishike milioni mia? Na kwa nini aende kwenye mshahara wa waziri, wakati anacholalamikia ni maji, dawa au barabara?

Jibu linaanzia kwenye Katiba ya 1977, ibara ya 99. Ibara hiyo inasema Bunge halitashughulikia jambo la kutoza kodi, kubadilisha kodi, wala kutoa fedha katika Mfuko Mkuu wa Hazina ya Serikali, mpaka Rais awe amependekeza na pendekezo hilo liwe limewasilishwa bungeni na waziri. Umeachwa upenyo mmoja tu: kupunguza. Mbunge wa kawaida, awe wa chama tawala au wa upinzani, hawezi kutoa hoja kwamba fungu la maji liongezwe bilioni kumi. Hawezi kuleta muswada binafsi wa kuanzisha kodi mpya, hata kama hesabu zake ni safi kuliko za Hazina. Anaweza kushauri, kusihi na kukemea, na watu wakamsikia nchi nzima. Ila hoja rasmi ya kuongeza hata senti moja si yake. Hoja ya kupunguza ni yake.

Sharti hili limetoka mbali. Mwanzoni mwa karne ya 18 watu walikuwa wakipeleka bungeni, huko Uingereza, maombi ya kulipwa fedha za umma: huyu anadai fidia, yule anadai malipo ya utumishi wake, na wabunge waliowafahamu wakiwapigania. Mwaka 1706 Bunge hilo likaazimia kutopokea ombi lolote la fedha za umma lisilopendekezwa na Malkia. Mwaka 1713 azimio likafanywa kanuni ya kudumu, na sharti hilo limebaki kwenye kanuni zao hadi leo. Likasambaa pamoja na mabaraza ya kutunga sheria katika makoloni, na nchi nyingi zilipojitawala zikaliandika kwenye katiba zao.

Mantiki yake ninaikubali. Kila mbunge ana jimbo, na kila jimbo lina zahanati isiyo na dawa na daraja lililochukuliwa na mvua. Kila mmoja akiruhusiwa kuongeza kidogo kwa hoja yake, jumla itakuwa kubwa na haitakuwa na mwenyewe. Serikali ikiwa ndiyo pekee inayopendekeza, mwananchi anajua wa kumuuliza fedha zisipotosha. Lakini gharama yake nayo ni kubwa: mtu aliyechaguliwa ili akaseme shida za watu wake anafika Dodoma na kukuta kwamba, katika fedha, njia aliyofunguliwa inaelekea chini tu. Shilingi ilizaliwa humo.

Makadirio ya matumizi huletwa kwa mafungu yenye namba, na kila fungu lina vifungu vyake. Fungu 50, kwa mfano, ni la Wizara ya Fedha. Baada ya mjadala wa jumla wa hotuba ya waziri, Bunge hukaa kama Kamati ya Matumizi. Spika anaacha uspika kwa muda na kuwa Mwenyekiti, Katibu anasoma, na vifungu vinaanza kupitishwa kimoja baada ya kingine. Kwenye kifungu cha kawaida unaruhusiwa kuuliza fedha za kifungu hicho tu. Kama fedha zilizoandikwa ni za mafunzo au za mafuta ya magari, uliza mafunzo na mafuta.

Kifungu chenye mshahara wa waziri kina hadhi nyingine. Waziri analipwa ili asimamie sera nzima ya wizara, kwa hiyo linapofika zamu ya mshahara wake, sera yenyewe inakuwa halali kuhojiwa. Mbunge anasimama na kutaka ufafanuzi wa jambo mahsusi la sera. Waziri anajibu. Mbunge asiporidhika anatoa hoja ya kuondoa shilingi kwenye mshahara huo.

Kwa nini lazima iwe hoja? Kwa sababu bungeni mtu haendelei kuzungumza eti kwa vile hajaridhika. Pasipo hoja mezani, Mwenyekiti anaendelea na kifungu kinachofuata na jambo limekufa. Hoja ndiyo inayolazimisha ukumbi usimame hapo. Na kwa kuwa hoja ya fedha aliyoruhusiwa mbunge ni ya kupunguza peke yake, anachukua kiasi kidogo kabisa ili wizara isidhurike. Angeondoa bilioni moja kwenye dawa ili kuonyesha kwamba dawa ni chache, angewaumiza wagonjwa wale wale anaowatetea. Shilingi moja haimuumizi mgonjwa yeyote, na bado inamfanya waziri asimame tena.

Akishaitoa hoja, wabunge wanaomuunga mkono wanasimama, na hapo ndipo uzito unapimwa. Shilingi iliyoshikwa na mtu mmoja haifiki mbali. Ile inayosimamisha watu pande zote mbili za ukumbi, hasa wale wa chama cha waziri mwenyewe, inaitikisa Serikali. Baadhi yao wanapewa nafasi ya kuchangia, waziri anajibu tena, na pengine Mwanasheria Mkuu wa Serikali au Waziri Mkuu anaingilia kati. Kisha mwenye hoja anaamua: arudishe shilingi au aombe Bunge lihojiwe kwa kura. Likihojiwa, Mwenyekiti anasema wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na kwa kuwa chama tawala huwa na wabunge wengi, siyo huvuma zaidi.

Ndiyo maana nadhani wanaomcheka mbunge aliyerudisha shilingi wanatazama mahali pasipo. Cha kutazama ni alichokipata kabla ya kuirudisha. Waziri aliyejibu kijuujuu mara ya kwanza sasa amebanwa aseme mradi utaanza lini na fedha zake ziko kifungu gani, na kila neno limeingia kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni. Mwaka ujao mbunge huyo anaweza kumsomea waziri maneno yake mwenyewe. Ila ikiwa waziri amesema tu kwamba suala limepokelewa na litafanyiwa kazi, shilingi imerudishwa bure, na hili linatokea mara nyingi mno.

Hoja ya namna hii ikishinda inaweza kuiangusha serikali. Mwaka 1895 Uingereza ilikuwa na Waziri Mkuu aitwaye Rosebery. Tarehe 21 Juni, ukumbi ukiwa na watu wachache, mbunge wa upinzani St John Brodrick alitoa hoja ya kupunguza pauni 100 kwenye mshahara wa waziri wa vita, Henry Campbell-Bannerman, akidai jeshi halikuwa na akiba ya kutosha ya kodaiti, yaani baruti ya kisasa ya wakati ule. Hoja ilipita kwa kura 132 dhidi ya 125. Kwa tofauti ya kura saba serikali nzima ikajiuzulu, na uchaguzi uliofuata ikashindwa. India nayo ina hoja za jinsi hiyo: kupunguza rupia 100 kwenye fungu ni kulalamikia jambo moja, na kulipunguza fungu zima hadi ibaki rupia moja ni kusema sera yenyewe haifai.

Tanzania haijaona serikali ikianguka kwa shilingi, na Katiba inaeleza kwa kiasi fulani kwa nini wabunge huwa waangalifu. Ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti ya Serikali. Kura ya bajeti kuu yenyewe hupigwa kwa kuita jina la kila mbunge, mmoja mmoja, hivyo hakuna wa kujificha kwenye kelele za ndiyo na siyo. Kuikataa bajeti ni kuhatarisha kiti chako. Kushika shilingi kunakuacha salama na kiti chako, na Serikali bado imesikia. Hata hivyo ipo siku wabunge walikwenda mbele zaidi: Julai 2011, nchi ikiwa kwenye mgawo mkali wa umeme, makadirio ya Wizara ya Nishati na Madini yalikwama bungeni, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasimama kuomba wiki tatu za kujipanga upya. Yalipita Agosti. Siku hizo mkutano wa bajeti ulivuka hadi Agosti. Tangu 2013 unaanza Aprili ili kila kitu kiwe kimepitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai.

Upande wa kodi hakuna shilingi ya kushika. Kodi huja kwenye Muswada wa Sheria ya Fedha, na chombo cha mbunge hapo ni jedwali la marekebisho, yaani karatasi inayosema neno gani lifutwe na lipi liwekwe badala yake. Hapa ruhusa ya kupunguza ina faida ya moja kwa moja kwa mwananchi, na inanisikitisha kwamba haitumiki inavyostahili. Juni 2013 Bunge lilipitisha tozo ya shilingi 1,000 kwa mwezi kwa kila laini ya simu. Malalamiko yakafurika, Rais Jakaya Kikwete akaagiza wahusika wakae watafute njia nyingine, na baadaye tozo ikafutwa. Kuipunguza au kuiondoa kulikuwa ndani ya uwezo wa wabunge tangu siku muswada ulipokuwa mezani. Ibara ya 99 haikuwazuia.

Kenya walichagua njia nyingine. Katiba yao ya 2010, ibara ya 114, inasema muswada wa fedha uendelee kwa kufuata pendekezo la kamati husika ya Bunge, baada ya kamati hiyo kuzingatia maoni ya Waziri wa Fedha. Kwa hiyo kazi ambayo Dodoma hufanywa kwa shilingi mbele ya kamera, Nairobi sehemu yake kubwa hufanyika kwenye vikao vya kamati kabla ukumbi haujakaa.

Turudi Dodoma kwa jambo moja ambalo mtazamaji wa televisheni hulikosa. Muda wa Kamati ya Matumizi una kikomo. Ukiisha, Mwenyekiti anatangaza kuwa mafungu yaliyobaki yatapitishwa kwa pamoja, utaratibu ambao wenyewe huuita gilotini, na tangu hapo hakuna anayesimama kuuliza. Mshahara wa waziri mara nyingi huwa kwenye vifungu vya mwanzo, vya utawala, kwa hiyo shilingi hushikwa mapema, na shilingi moja ikichukua muda mrefu inakula nafasi ya waliokuwa na maswali kwenye vifungu vinavyofuata, vile vyenye fedha zenyewe za miradi. Baada ya hapo waziri anatoa taarifa kwamba Kamati imeyapitia makadirio na kuyakubali bila mabadiliko yoyote. Kwenye Hansadi, inayopatikana kwenye tovuti ya Bunge, tafuta "mshahara wa Waziri" na usome kuanzia hapo hadi gilotini.