Kugombeza Si Kugombana: Matumizi ya Kitenzi "Gombeza" na Jamaa Zake

Katika barua, mihtasari ya vikao na taarifa za nidhamu zinazoletwa kwetu hapa Dar es Salaam ili zihaririwe lugha, kitenzi kimoja kimebebeshwa kazi ya wenzake wote. Mwanafunzi aliyechelewa mstarini "amekemewa", karani aliyesahau kugonga muhuri "amekemewa", na dereva aliyemtukana abiria naye "amekemewa". Hakuna kosa la sarufi hapo. Kosa ni la uzito. Kiswahili kina kitenzi chake kwa ukali mdogo wa namna ya kwanza na ya pili, nacho ni gombeza. Makala haya yanaeleza kitenzi hicho kinavyotumika, kinavyonyumbulishwa, na mahali kinapowapisha kanya, karipia na kemea.

Maana yake huonekana vizuri zaidi uani kuliko kwenye kamusi. Mtoto anarudi Magharibi imekwishaadhiniwa, ndala ziko mkononi, magoti yamejaa vumbi. Mama, huku akiendelea kukuna nazi, anamuuliza: "Hivi wewe, nilikwambia nini? Saa hizi ndiyo saa za kurudi nyumbani? Na hilo shati umelifanyaje?" Hakuna swali hata moja kati ya hayo linalotaka jibu, na mtoto anayethubutu kujibu huongezewa jingine. Huko ndiko kugombeza: maneno ya mtu mwenye dhamana juu yako, yenye sauti iliyopanda kiasi, yanayohusu jambo lililokwisha kutendeka, na ambayo mara nyingi huisha kabla nazi haijaisha kukunwa.

Yapo masharti mawili katika mfano huo ambayo mwandishi hana budi kuyashika. La kwanza ni kwamba kitenzi hiki hutaka mtendwa aliye mtu. Huwezi kugombeza rushwa wala kugombeza uchafu wa mitaro. Utamgombeza aliyetupa taka mtaroni. Na kwa kuwa mtendwa ni mtu, kiambishi chake kisiachwe: "Mwalimu aliwagombeza wanafunzi", si "Mwalimu aligombeza wanafunzi", umbo ambalo limeanza kuzoeleka katika vichwa vya habari. Sharti la pili ni mwelekeo. Mkubwa humgombeza mdogo, iwe kwa umri, kwa udugu au kwa cheo. Bibi atamgombeza mjukuu hata kama mjukuu huyo ni mkurugenzi. Mjukuu hawezi kumgombeza bibi, na akifanya hivyo watu watasema amemjibu vibaya au amemfokea, kwa sababu lugha yenyewe haimpi nafasi hiyo. Ndiyo maana kondakta wa daladala humfokea abiria lakini hamgombezi: hana dhamana naye zaidi ya nauli.

Mitaani husikika pia "mama kanisema", na hilo ni neno zuri la mazungumzo. Katika maandishi, hata hivyo, lina hatari yake, kwa kuwa kumsema mtu ni pia kumsengenya, na msomaji wa barua hana uso wa msemaji wa kumwelekeza ni maana ipi iliyokusudiwa.

Kimaumbo, gombeza limejengwa juu ya mzizi -gomb-, na irabu o ya mzizi huo ndiyo inayoita e katika kiambishi kinachofuata. Kwa kufuata sanamu ya potea na poteza, au tembea na tembeza, mtu angetarajia kwamba kumgombeza mwenzako ni kumfanya agombee kitu. Lugha haikwenda njia hiyo. Gombea limechukuliwa na uchaguzi, nasi tuna wagombea kila baada ya miaka 5. Gombania limebaki kwenye kitu ambacho hakiwatoshi wanaokitaka, na kila anayepanda gari la jioni Kariakoo anaijua "gombania goli" bila kufundishwa. Kusababisha ugomvi baina ya watu kumekabidhiwa gombanisha. Gombeza limebaki na ukali wa mzazi peke yake.

Limebaki, lakini halikubaki kavu. Katika kauli ya kutendwa tunasema "amegombezwa na babu yake". Katika kauli ya kutendea tunapata gombezea, ambayo aghalabu huuliza sababu: "Unamgombezea nini mtoto wa watu?" Gombezeka hupatikana zaidi katika ukanushi, hasa katika malalamiko ya majirani: "Yule hagombezeki", yaani ukimgusa kwa neno tu mzazi wake amesimama mlangoni. Gombezana ni adimu, na sababu yake ni lile sharti la mwelekeo. Ukilisikia likisemwa juu ya mke na mume, basi mna utani ndani yake. Lipo pia gombezagombeza, la mtu anayetafuta dosari kutwa nzima, na ninaona ni hasara kwamba waandishi wetu hawalitumii, kwa kuwa hakuna kirai chochote kinachomweleza mtu huyo kwa ufupi zaidi.

Umbo linaloleta madhara ya kweli ni gombana. Taarifa ikiandika kwamba "msimamizi aligombana na mhudumu", msomaji ataelewa kuwa wote wawili walirushiana maneno, na kwamba kila mmoja ana lake la kujibu. Ikiwa kilichotokea ni msimamizi kusema na mhudumu akanyamaza, basi mhudumu ameongezewa kosa asilolitenda, kwa silabi mbili tu. Wanaoandika maelezo ya mashahidi, maofisa utumishi na wakalimani wa mahakamani hawana budi kumuuliza msemaji: mwenzako alijibu? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama ni gombeza au gombana.

Kanya ni jirani wa karibu zaidi, na wengi hawaoni tofauti yake. Gombeza hutazama nyuma, kwenye lililotendeka. Kanya hutazama mbele, kwenye lisilotakiwa litendeke au lirudiwe. Mama yule wa uani, baada ya maswali yake, angemaliza kwa kusema "Usirudie tena", na hapo amekwisha kutoka kwenye kugombeza akaingia kwenye kukanya. Kitenzi hiki hakihitaji sauti kupanda. Mtu huweza kukanywa kwa upole kabisa, faraghani, na methali ya mchelea mwana kulia, hulia yeye, humhusu hasa mzazi aliyeshindwa kukanya mapema.

Karipia ni hatua ya juu yake, nalo lina mlango ofisini. Nomino yake, karipio, imekuwa jina la adhabu: Februari 2020, Chama Cha Mapinduzi kilipotangaza kumpa mmoja wa makada wake karipio, halikuwa neno la hasira lililomtoka mtu, bali adhabu ya kinidhamu iliyotolewa kikaoni. Kwa hiyo mkuu wa idara asiandike "nilimkaripia" ikiwa alimwita tu mtumishi na kumgombeza. Faili likifunguliwa miaka mingi baadaye, msomaji atatafuta barua ya karipio ambayo haikuwahi kuwapo. Tahajia sanifu ni ya r, si kalipia.

Kemea ndilo lenye uwanja mpana kuliko yote, kwa kuwa halikufungwa kwa mtu. Katika Biblia ya Kiswahili, Yesu aliukemea upepo baharini na akaikemea homa ya mkwewe Simoni, na hakuna kati ya gombeza, kanya na karipia ambacho kingekaa mahali hapo. Hukemewa uovu, hukemewa tabia, hukemewa pepo. Viongozi wanapokemea ukatili wa kijinsia wamechagua neno sahihi, ila waliandike bila "dhidi ya": tunakemea ukatili, hatukemei dhidi ya ukatili.

Limebaki tahadhari moja ya uandishi kuhusu kanya. Katika kauli ya kutendwa huwa kanywa, kama onya linavyokuwa onywa, na hapo hukutana uso kwa uso na kitenzi kunywa chenye kiambishi ka. "Mwite Hamisi akanywe" huweza kusomeka kuwa Hamisi aitwe apewe maneno, au Hamisi aitwe aende akanywe chai. Katika mazungumzo mahali na sura ya msemaji hutosha kuondoa utata; katika muhtasari wa kikao, mwandishi aandike "aitwe akakanywe", au atumie aonywe.