Wangari Maathai alipovuliwa kila cheo

Kazi yangu ni kuwafundisha uongozi watu wanaosimamia vikundi vya kuweka na kukopa, vya wakulima na vya kina mama. Swali la kusudi la maisha hujitokeza kila mara, nami huwapeleka Nairobi ya mwaka 1982, kwa Wangari Maathai.

Wengi wanamjua yule wa 2004, aliyepokea Tuzo ya Amani ya Nobel. Huyu wa 1982 ndiye anayetufaa zaidi. Miaka mitatu nyuma ndoa yake ilikuwa imevunjwa mahakamani, mambo ya ndani yakianikwa magazetini, na baada ya kumkosoa jaji akatupwa jela kwa muda mfupi. Sasa akajiuzulu Chuo Kikuu cha Nairobi, alikofundisha anatomia ya mifugo, ili agombee ubunge kwao Nyeri. Wasimamizi wa uchaguzi wakamwambia hakujiandikisha ipasavyo kupiga kura, kwa hiyo hana sifa ya kugombea. Aliporudi chuoni kuomba kazi yake, nafasi ilikuwa imeshajazwa, na nyumba ya chuo akatakiwa aiachie.

Alibakiwa na vitalu vya miche. Green Belt Movement, harakati ya kina mama ya kupanda miti, aliianzisha mwaka 1977 chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake la Kenya, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akiifanya pembeni ya kazi ya kufundisha. Sasa akaipa siku nzima. Chama cha misitu cha Norway kilipokuja kutafuta mshirika, kilikuta kazi inaendelea, naye akaajiriwa kuwa mratibu wa kazi hiyo.

Hapa ndipo ninapokaa sana na wanafunzi wangu. Kama kusudi lake lingekuwa uprofesa au ubunge, mwaka ule ungemmaliza. Lakini jambo lililomkosesha usingizi lilikuwa mama wa kijijini anayekwenda mbali kutafuta kuni, anayekosa maji safi, anayewapikia watoto chakula duni kinachoiva upesi kwa sababu kuni zenyewe ni haba. Mama huyo alikuwepo kabla ya uchaguzi na alikuwepo baada yake.

Tazama pia kazi yenyewe ilivyopangwa. Wataalamu wa misitu waliona kuotesha miti kunahitaji stashahada. Kina mama wakaotesha kwenye vyungu vilivyovunjika, wakiviweka mahali pa juu kuku wasifikie. Na malipo yao, madogo kwa kweli, yalitolewa kwa mche ulioshika na kuendelea kuishi. Kupanda tu hakukutosha. Kwangu utaratibu huo una mafunzo mengi kwa kiongozi kuliko hotuba yake ya kupokea Nobel kule Oslo. Viongozi wetu hujipima kwa siku ya uzinduzi, kwa picha na mgeni rasmi, halafu hakuna anayerudi kutazama kilichopandwa.

Shida hazikumwacha. Mwaka 1989 alipinga jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimama ndani ya Uhuru Park. Wabunge walimkejeli, shirika lake likafukuzwa ofisini, akalihamishia nyumbani kwake. Jengo halikujengwa. Mwaka 1992 alipigwa na polisi hadi kuzimia akiwa na akina mama waliodai wana wao waachiliwe kutoka vifungo vya kisiasa. Mwaka 1997 aligombea urais akashindwa vibaya, kisha mwaka 2002 watu wa Tetu, jimbo la kwao Nyeri, wakampa ubunge kwa kura nyingi mno.

Sikubaliani na wakufunzi wanaosema kila hasara ni baraka iliyojificha. Aliyotendewa mwaka 1982 yalikuwa dhuluma, na mtu aliyeachishwa kazi leo hana haja ya kuambiwa ashukuru. Anachohitaji ni mahali pa kushika kesho asubuhi.

Ndiyo maana nawapa wanafunzi karatasi waandike mambo mawili: shida ya mtu wanayemfahamu kwa jina, na kazi watakayoendelea kuifanya juu ya shida hiyo hata wakiondolewa kwenye uongozi mwezi ujao. Wenyeviti wengi hukaa na kalamu muda mrefu. Wanaomaliza mapema mara nyingi ni waweka hazina, kwa kuwa wanajua ni mwanachama gani ameshindwa kurejesha mkopo, na nyumbani kwake kuna mgonjwa gani.