Neno Alifanyika Mwili: Imani Hii Inamdai Nini Mkristo wa Mombasa

Katika mji ambao Mkristo na Mwislamu hupanga vyumba kwenye nyumba moja na kuchota maji kwenye tangi moja, swali hili halikwepeki: Mungu anazaliwaje? Wakristo wengi wakiulizwa hubabaika, wakajibu kwamba hilo ni fumbo, kisha wakageuza mazungumzo. Ni fumbo kweli. Lakini Kanisa limelisemea kwa maneno yaliyopimwa, na muumini anapaswa kuyajua.

Tuanze na yasiyofundishwa. Ukristo haufundishi kwamba Mungu alioa au alipata mtoto kama mume na mke wanavyopata. Anayedhani hivyo atapingwa na padri sawa na atakavyopingwa na sheikhe. Wala haufundishi kwamba Mungu aligeuka mtu, akaacha kuwa Mungu kwa muda, kisha akarudia hali yake. Fundisho ni kwamba Neno wa Mungu, yaani Mwana, aliyekuwako tangu milele, alitwaa ubinadamu wetu mzima tumboni mwa Bikira Maria pasipo kupoteza chochote cha umungu wake. Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Nikea, mwaka 325, ulimkatalia Arius, padri wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Ule wa Kalkedonia, mwaka 451, ukaweka kanuni ambayo Wakatoliki na Waanglikana wanaishika hadi leo: nafsi moja, asili mbili, ya Mungu na ya mtu, zisizochanganyika wala kugeuka, zisizogawanyika wala kutenganishwa.

Neno "mzima" hapo juu lina uzito wake. Katika karne ya 4 Apollinaris, askofu wa Laodikia, alikubali kwamba Kristo alikuwa na mwili, ila akasema nafasi ya akili ya kibinadamu ilishikwa na Neno mwenyewe. Gregory wa Nazianzo, askofu wa karne hiyo hiyo, alimjibu kwamba kisichotwaliwa hakikuponywa. Jibu hilo linamfaa sana mtu anayemuuguza ndugu mwenye ugonjwa wa akili: hakuna sehemu ya mtu, hata akili iliyovurugika, ambayo Kristo aliiruka kwa kuiona haifai.

Kosa sugu zaidi ni lile la kudhani kwamba alionekana tu kuwa mtu. Ndilo linalojificha kwa wanaoona vibaya kusema kwamba Yesu alichoka. Injili haioni vibaya. Kwenye kisima cha Samaria aliketi kwa uchovu. Katika dhoruba alikuwa amelala shetri, yaani nyuma ya chombo, kichwa juu ya mto. Kwenye kaburi la Lazaro alilia machozi. Mwanzoni mwa karne ya 2, askofu Ignatius wa Antiokia, akipelekwa Roma chini ya ulinzi wa askari ili akauawe, aliwaonya Wakristo wa Smirna juu ya watu waliofundisha kosa hilo. Akataja pia tabia yao: hawakumjali mjane wala yatima, aliyefungwa wala aliyefunguliwa, mwenye njaa wala mwenye kiu. Haikuwa sadfa. Anayeona kwamba mwili wa Kristo ulikuwa kivuli hatauhangaikia mwili wa jirani. Atamwombea mwenye njaa na kumuaga. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unaukemea upendo wa namna hiyo.

Upendo wenye mwili unaonekana katika Yohana 13, ukisoma taratibu na kufuata kila kitendo. Yesu aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji bakulini, akawatawadha wanafunzi miguu na kuifuta kwa kitambaa kile kile. Kazi hiyo hakumwachia mtumishi. Hakubagua pia: Yuda alitoka nje kwenye aya ya 30, miguu yake ikiwa imeshaoshwa. Petro alipokataa, aliambiwa waziwazi kwamba asipooshwa hana sehemu naye. Kukubali kuhudumiwa nako ni sehemu ya upendo, na ndiko kunakowashinda wengi, hasa wazee wa kanisa.

Mapokeo yameupanga upendo huu katika matendo saba ya huruma ya kimwili: kulisha wenye njaa, kunywesha wenye kiu, kuvika walio uchi, kupokea wageni, kutembelea wagonjwa, kutembelea wafungwa na kuzika wafu. Sita yanatoka Mathayo 25. La saba linatokana na kitabu cha Tobiti, kilichomo katika Biblia ya Wakatoliki.

Jumuiya nyingi hujikwaa kwenye kumtembelea mgonjwa. Watu ishirini wanaingia chumba kimoja cha kupanga Kisauni au Likoni, joto linapanda, sala inachukua saa nzima, picha zinapigwa, kisha mwenye kisukari anaachiwa kilo mbili za sukari. Watangulie wawili, siku moja kabla, waulize kinachohitajika. Mara nyingi watasikia jambo dogo ambalo halikumjia mtu: maji. Mgonjwa asiyeweza kuinuka anahitaji kuogeshwa na kufuliwa shuka, na jerikeni ya lita 20 inayonunuliwa kwa muuza maji wa mkokoteni haichukui muda kuisha. Siku ya ziara yenyewe waingie watatu au wanne, wasome Injili fupi, wasali dakika kumi. Mmoja abaki ili anayeuguza apate kulala. Picha zisipigwe.

Kwenye kuzika, kasoro iko katika hesabu. Marehemu akipelekwa bara, michango yote huishia kwenye jeneza, gari na chakula cha matanga, na mjane anarudi Mombasa akidaiwa kodi ya nyumba. Jumuiya ikubaliane mapema, kabla hakujafiwa mtu, ni sehemu gani ya mchango itakayotengwa kwa waliobaki, na mweka hazina aitoe kwanza, kabla gari halijakodiwa.